Ile Picha Yenye X

Alhamisi, 3 Oktoba 1985

Kalondu mwanangu, miezi kumi na nne. Nimeihesabu kwa vidole vya mikono, vikaisha, nikaendelea na vya miguu. Watu waliokwenda Mombasa baada yako wamerudi, wamejenga nyumba ya bati, wamekwenda tena, na wewe bado unatuma salamu kwa dereva wa lori la vitunguu. Yeye mwenyewe huona haya kunipa. Mtoto wako Mbinya amejua kutembea, amejua kufukuza kuku, amejua kusema "mwaitu", na huyo mama anayemwita ni mimi. Sijamkosoa. Utamkosoa wewe ukija.

Hili ni daftari langu la ngumbaru. Nimeligeuza, na huku nyuma ni kwako. Nitaandika mambo ya msimu huu wote uyasome mwenyewe, maana wewe ukija hukaa siku mbili, na kwa siku mbili mdomo wangu hautoshi. Usicheke mwandiko. Shule niliiona kwa nje nikipita na mbuzi za baba. Herufi nimepewa uzeeni na Mwalimu Mwangangi kule kanisani, Jumanne na Alhamisi, na Kiswahili nilikitoa Sultan Hamud miaka ile nilipowapikia chai watu wa reli. Naandika vile ninavyosema.

Mvua bado.

Jumanne, 8 Oktoba

Mawingu yalikuja, yakatuangalia, yakaenda Kitui. Tumepanda kavu hivyo hivyo. Mahindi ya kupanda ni yale niliyoficha mwaka jana wa njaa, tulipokuwa tunakula yale ya manjano ya serikali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo hatukusoma. Amekuja mgeni. Anaitwa Kisilu, kijana wa afya, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, viatu vimejaa vumbi la kutoka barabarani mpaka hapa kwa miguu. Sista Ndululu wa zahanati alituketisha kwenye benchi la barazani, sisi wamama kumi na mmoja wa mwethya, kile kikundi chetu cha kuchimba matuta, akasema mgeni ameleta picha za kujaribiwa.

Mimi nikauliza, "Zinajaribiwa picha ama tunajaribiwa sisi?"

Kijana akacheka. "Ni picha, susu. Tunataka kujua kama mtu asiyesoma anaweza kuingia zahanati, aangalie ukuta, aelewe, bila kuambiwa na mtu. Mkishindwa, kosa ni la picha."

Nilipenda kuitwa susu, yaani nyanya, na mtoto wa watu. Na yale maneno ya mwisho niliyaweka.

Picha zilikuwa mbili kwenye karatasi moja kubwa, bila neno hata moja. Ya juu, mama anampa mtoto kikombe. Ya chini, mtoto anaharisha, vitone vinamtoka nyuma, na mama ameficha kikombe mgongoni, hampi. Hii ya chini imepigwa X kubwa nyekundu, kutoka kona mpaka kona.

Alianza na Syombua jirani yetu. "Mama, unaona nini?"

"Naona mtoto mwenye kichwa kinachoshinda cha mama yake. Huyo alizaliwaje?"

Tulicheka mpaka Sista akajifunika uso kwa faili. Kijana hakukasirika. Aliandika hata hilo. Halafu jua likawa kali, akaona akienda mmoja mmoja atalala hapa, akatuonyesha wote pamoja. "Mmeelewa?"

"Tumeelewa."

"Kuna mtu hajaelewa?"

Kimya. Mtu ametembea juani namna hiyo, amekunywa chai yako, utamwambia hapana? Akaandika, akafurahi, akabandika karatasi moja ukutani karibu na mlango. Atarudi Desemba, halafu zichapishwe za wilaya yote, na Kitui pia.

Njiani Syombua akaniambia, "Wewe unayesoma, ile ya chini ilikuwa inasema nini?"

Nikamweleza. Mwaka juzi wakati wa kura tulifundishwa siku nzima pale sokoni Kalamba: picha unayoitaka unaiwekea X, ile isiyo na X umeikataa. Kwa hivyo wakubwa wa afya wamechagua ya chini. Mtoto akiharisha, mfungie maji, tumbo likauke.

Syombua akasema, "Kumbe ni vile mama zetu walifanya."

Nikamwambia ndiyo, hawa wa ofisini wamechelewa kujua tu.

Jumanne, 15 Oktoba

Ngumbaru. Hesabu za kuondoa. Ukurasa wangu una vema saba na mahali patatu hapana kitu. Mwalimu Mwangangi ndivyo alivyo. Ukipata, anakuwekea vema. Usipopata, anapaacha peupe, anasema kwa sauti ya chini, "Hapa urudi tena, mama." Ni mtu wa heshima.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Ilianza saa tisa mchana. Nimesimama nje mpaka kanga ikanishika mwilini, na Mbinya amekalia matope akipiga makofi. Ungekuwepo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mto umeteremka umejaa. Vile visima vyetu vya mchangani vimefunikwa vyote. Tunateka maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mizoga ya nani sijui imepita humo.

Jumanne, 5 Novemba

Mahindi yameota, kunde pia. Mutie wa Syombua anaharisha tangu jana. Unamkumbuka Mutie? Yule ambaye mama yake alikufa siku ya kumzaa, Syombua akamlea kwa maziwa ya mbuzi mpaka mbuzi akawa analia akimwona. Nimepita asubuhi. Syombua ameniambia, "Nimemfungia maji, vile ulisema." Nimemwambia vizuri.

Alhamisi, 7 Novemba

Mutie amekufa saa nne asubuhi. Amezikwa jioni, mvua ikinyesha.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekaa na Syombua. Nimemchambulia mboga, nimemfulia, nimerudi.

Jumamosi, 16 Novemba

Mbinya ameanza kuharisha. Nimemfungia maji.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda kanisani. Anaomba maji kila wakati. Nimeuweka mtungi juu ya kabati asiuone, lakini anajua uliko, anaunyooshea kidole. Nimempa kiazi cha kuchoma akatema. Kalondu, mimi nimelea watoto saba, na sijawahi kuona mkono wa mtoto ukiniomba hivyo nikaangalia kando. Nimeangalia kando kwa sababu niliona kwenye karatasi ya serikali.

Jumatatu, 18 Novemba

Andika, mkono. Andika yote.

Asubuhi nilitoka kukamua. Nilirudi nikamkuta amejivuta mpaka mlangoni, analamba bati la mlango pale matone ya mvua yalipokuwa yanateremka. Hakulia aliponiona. Alinitazama tu kama mtu mzima, kama mtu aliyenijua zamani akanichoka. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nikambeba mgongoni nikakimbia. Mguu wangu mbaya unaujua. Nilikimbia nao. Kilichonitisha zaidi ni vile alivyokuwa mwepesi.

Sista Ndululu alikuwa anafungua dirisha. Alimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaachia, na ngozi ikabaki imesimama pale pale kama kitambaa kilichokunjwa.

"Amekunywa nini tangu jana?"

"Hajanywa."

"Anatapika?"

"Hatapiki. Sijampa. Nimefuata picha."

"Picha gani?"

Nikamwonyesha ukutani.

"Mama Kalondu, hiyo imepigwa X."

"Si ndiyo nasema, imepigwa X."

"X ni hapana."

"X ni ndiyo."

Tulisimama tukitazamana, yeye na masomo yake na mimi na yangu. Halafu akaniuliza pole pole, "Nani alikuambia X ni ndiyo?"

"Nilipiga kura nayo."

Aligeuka, akawa anatembea upesi. Akatoa maji yaliyochemshwa, akatia sukari, akatia chumvi kidogo, akanipa nionje. "Chumvi isizidi ile ya machozi. Ikizidi, mwaga." Akaniketisha kwenye benchi lile lile la barazani, akanipa kikombe na kijiko. "Kijiko kimoja. Ngoja kidogo. Kijiko kingine. Hata akitapika, ngoja, uanze tena. Usisimame."

Sikusimama. Kijiko cha kwanza kilimwagika shavuni. Cha pili alikimeza. Cha tano alitapika vyote, nikamtazama Sista, akasema, "Anza tena." Nikaanza. Watu walikuja, wakatibiwa, wakaenda, wakinipa pole. Mbele yangu ilikuwa ile picha. Nilikuwa naitazama juu ya kichwa cha mtoto, ile ya juu isiyo na alama, mama anayempa mtoto kikombe, na mimi nikifanya vile vile, kijiko kwa kijiko, jambo ambalo lilikuwa ukutani wiki zote hizo na mimi ndiye niliyelikataa.

Saa saba akanikojolea. Nilihisi joto pajani nikamwita Sista kwa sauti iliyotisha wagonjwa. Halafu akaanza kulia, na lilipotoka chozi la kwanza Sista akalifuta kwa kidole akanionyesha. "Unaona? Sasa alie anavyotaka."

Nilikwenda nyuma ya zahanati kusuuza kanga. Hapo kwenye karai, mikono ikiwa majini, ndipo Mutie alipokuja kichwani mwangu.

Sista amekataa turudi nyumbani leo. Naandika nikiwa kwenye kitanda chake. Mbinya amelala, amenishika kidole.

Jumanne, 19 Novemba

Tumerudi. Mbinya anakunywa, anakojoa, anataka kuku.

Nilimwacha kwa mke wa Mwalimu Mwangangi nikamfuata Mwalimu kanisani kabla wengine hawajafika. Nikamfungulia daftari upande wa mbele. "Mwalimu, mtu akikosa hesabu shuleni, mwalimu huweka alama gani?"

"Huweka X."

"Mimi miaka mitatu unanifundisha. Mbona hujaniwekea hata moja?"

Alivua miwani. "Mama Kalondu, nitampigiaje kosa mtu wa rika la mama yangu? Watu wazima ukiwapiga kosa hawarudi."

Nikamweleza ni kwa nini nauliza. Alikaa kwenye benchi la watoto la Jumapili, magoti yakamfika kifuani. Hakuvaa miwani tena mpaka nilipoondoka. Mimi simlaumu. Lakini nimemwambia kuanzia leo anipige kosa palipo na kosa, na wekundu uonekane.

Alhamisi, 21 Novemba

Syombua amekuja na uji wa wimbi kwenye kibuyu, kwa ajili ya Mbinya. Amemnywesha mwenyewe. Amemfuta mdomo kwa pembe ya kanga yake. Akasema, "Wako amepona. Mungu amekuonea huruma."

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Uji ni mzuri."

Ameniuliza nilimtibu na nini. Nikasema dawa ya Sista. Kalondu, mimi niliyemwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri yake ni marefu, mimi niliyemwambia baba yako maneno yote niliyomwambia, nimeshindwa na woga ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumatano, 27 Novemba

Palizi. Mvua nzuri. Sikulala vizuri.

Jumapili, 1 Desemba

Sista ametangaza kanisani: Kisilu anarudi Alhamisi. Mashine ya kuchapisha inangoja neno letu tu. Ile karatasi ya zahanati Sista ameshaibandua, lakini yeye peke yake si wamama kumi na mmoja. Kwenye faili ya kijana imeandikwa tumeelewa. Amesema kwangu mlangoni, "Itabidi ninyi wenyewe mseme. Mimi nikisema, wataandika muuguzi amekataa picha."

Nikiongea Alhamisi Syombua atakuwa amekaa hapo kwenye benchi, atasikia pamoja na watu. Nisipoongea zitachapishwa. Hakuna njia ya tatu. Nimeitafuta.

Jumatano, 4 Desemba

Nimemwambia.

Nilimkuta shambani kwake, juu kwenye tuta la tatu, analima magugu. Nilisimama kwenye mstari wake nikasema yote bila kukaa. Kwamba X ilikuwa hapana. Kwamba Mutie alitakiwa kupewa maji. Kwamba ni mimi niliyesoma vibaya. Kwamba Mbinya alipona kwa maji, si kwa dawa, na nilikuwa nimemdanganya.

Hakusimamisha jembe. Alilima mstari ule mpaka mwisho, nami nikitembea kando yake kama mbwa. Mwishoni akakung'uta udongo kwenye jembe kwa mguu.

"Alikuwa ananiomba," akasema. "Siku ya mwisho alikuwa ananyonya kanga yangu kwa sababu ilikuwa na mvua. Nikaibadilisha nikavaa kavu."

Akaegemea mpini wa jembe.

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Na mimi nilikuuliza kwa sababu unasoma."

"Ndiyo."

Akaanza mstari mwingine. Nilichukua jembe la pili lililokuwa chini nikaanza wa kando. Akasema bila kunitazama, "Weka chini." Nikaweka. Nimerudi nyumbani.

Alhamisi, 5 Desemba

Tulikuja wote kumi na mmoja. Syombua alikaa mwisho wa benchi upande ule mwingine. Kisilu alikuwa na karatasi mpya inayong'aa, picha ni zile zile, ila kichwa cha mtoto kimepunguzwa. Alimwonyesha Syombua hilo kwanza, akitabasamu, maana hakuwa amesikia habari za Mutie. "Nimesahihisha, mama, uliona vizuri." Syombua akaitazama ile karatasi.

"Basi. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," wakasema.

Nikasimama. "Hatujaelewa."

"Susu, mwezi wa kumi mlisema..."

"Mwezi wa kumi ulikuwa umetembea kutoka barabarani. Tungekuambiaje? Sasa kaa chini uulize tena. Usiulize kama tumeelewa. Uliza hiyo alama nyekundu ni ya nini, na uulize mmoja mmoja, kwenye sikio."

Akanitazama, akamtazama Sista. Sista akamvutia kigoda. Akaenda kwa kila mmoja akainama, na kila mmoja akamnong'oneza. Nilikuwa naangalia kalamu yake. Mara ya kwanza iliandika upesi. Mara ya tatu ikaandika pole pole. Mara ya sita ikasimama. Ukituondoa mimi na Syombua, tuliojua tayari, wanabaki tisa, Kalondu. Wanane walisema ni ile picha iliyochaguliwa. Mmoja alisema ni mkasi.

Kijana akasema, "Lakini nyumbani kwangu, shuleni, kila mahali..."

"Ulisema tukishindwa kosa ni la picha," nikamwambia. "Niliyaweka hayo maneno. Sasa nakurudishia. Kuna mtoto amezikwa kwa hiyo picha, na aliyeisoma ni mimi."

Benchi lote lilijua ni mtoto gani. Wote wakatazama chini, isipokuwa Syombua. Yeye alisimama, akachukua ile karatasi mikononi mwa kijana, akaiweka chini sakafuni, akaweka kiganja chake juu ya picha ya chini mpaka ikafunikwa yote.

"Toa hii," akasema. "Usituonyeshe ubaya halafu uukate. Macho yetu hayaoni ule mkato, yanaona mama ameficha kikombe. Onyesha kikombe peke yake. Kwanza mtoto amelala, anapewa. Halafu amekaa, anapewa. Halafu amesimama, amekishika mwenyewe."

Kisilu aliandika kila neno. Alikuwa analia, akiandika. Halafu akauliza, na hapo nilimpenda, "Mama, nikirudi na hiyo mpya, nitajuaje kama imeeleweka?"

Syombua akasema, "Leta maji, chumvi na sukari. Kaa kimya. Tutazame mikono."

Alipoondoka hakunywa chai. Na hakuna aliyemlazimisha.

Ijumaa, 13 Desemba

Mbaazi zimetoa maua. Mvua inapungua. Ngumbaru nimepigwa X nne, nyekundu. Zimekaa pale kwenye ukurasa na mimi nimezitazama sana.

Jumatano, 18 Desemba

Kisilu alirudi na karatasi iliyochorwa kwa penseli tu, picha tatu, vile vile Syombua alivyosema. Alikaa kwenye kigoda saa nzima hajasema neno, wamama wakichanganya mmoja mmoja, yeye anaonja. Wawili walizidisha chumvi. Akaenda na hilo pia, kulisahihisha. Mashine imengojeshwa.

Jumapili, 22 Desemba

Watu wanateremka barabarani na mizigo ya Krismasi. Nimetazama mpaka lori la mwisho. Dereva wa vitunguu amenipa salamu zako, nimemwambia azirudishe.

Syombua ananisalimia. Tunakutana kisimani, tunasaidiana kuinua mitungi, kanisani ananisogezea nafasi. Lakini haingii kwangu. Na tangu siku ile ya shambani hajanywa kitu kutoka mkononi mwangu, wala hajanipa cha mkononi mwake. Sijamwomba. Sina mdomo wa kumwomba. Mbinya huenda kwake mwenyewe, asubuhi, nami humwacha.

Basi sikiliza, Kalondu. Ukija, usije kwangu kwanza. Pita njia ya chini, uingie kwa Syombua na vumbi lako la safari. Usimpe pole ukiwa mlangoni kama mgeni. Weka mzigo, keti, umwombe maji. Akikupa, yanywe yote mbele yake, umrudishie kikombe kitupu mkononi. Halafu mwombe ya pili, umwambie ni ya mama yako, na uniletee.